Karatasi Utakayoikuta Mbarara

Mwamini binti yangu,

Uko kanisani, kwaya wanakuimbia safari. Ngoma inasikika mpaka hapa. Nilikuambia goti linaniuma, ndiyo maana sikuja. Goti ni zima. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike, kwani ukiwepo utasimama nyuma ya bega langu na kunisahihisha, na mimi kusahihishwa sijawahi kupenda.

Nimechukua daftari lako la sekondari, zile kurasa za mwisho ulizoacha nyeupe, na biki ya bluu. Mimi niliishia darasa la pili kule misioni, kisha baba yangu akanitoa nikafukuze ndege kwenye mpunga. Hata hivyo, katika kijiji hiki kizima mzee wa rika langu anayeweza kujaza ukurasa bila kuita msaada ni mmoja tu, naye ndiye anayekuandikia. Ukikuta herufi imelala, iinue. Ukikuta neno limepungukiwa, liongeze. Wewe umesoma.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango huko Nyamityobora utakakokaa, wala kuchemsha maji, wala wanaume wa mjini. Wamama wa kanisa wanakuambia hayo sasa hivi, tena kwa nyimbo. Mimi nina jambo moja, na nisipolisema leo, karatasi italisema kabla yangu.

Unakumbuka ile siku barua ya kazi ya ofisi ya mipango ya Mbarara ilipofika. Ulipika sombe ya majani ya muhogo, na kwa furaha ukaitia chumvi mara mbili. Tukiwa tunakula ukaniambia, "Papa, shefu wangu wa ofisi amesema, kabla ya kuandika mpango mupya wa miaka makumi mbili, nisome kwanza mafaili yote ya zamani ya vijiji vya kambi. Anataka kujua batu balisema nini wakati baliulizwa."

Mimi nikaacha kutafuna.

"Ni chumvi?"

"Hapana. Iko muzuri."

"Sasa mbona unaangalia sahani sawa vile iko na nyoka?"

Nikasema mfupa umenikwama. Sombe haina mfupa, Mwamini. Ulinitazama kidogo, ukanipa maji, ukaendelea na habari zako za mpango. Ulisema utahusu barabara, maji, miti, shule, viwanda vya maziwa vya Mbarara, na kwa mara ya kwanza wakimbizi nao watawekwa ndani, wasiandikwe pembeni kama mvua iliyokosea njia. Ulisema vizuri. Nilijivuna kiasi kwamba ningeweza kupiga kelele. Lakini nilikuwa naogopa.

Katika faili la kijiji chetu iko karatasi yenye jina langu. Kile kilichoandikwa juu yake si kile nilichokuambia miaka yote hii. Na najua, kwa sababu ulinisomea mwenyewe kwa sauti, kwamba katika barua yako ya kuomba kazi uliandika hivi: baba yangu ndiye aliyebuni bwawa na msitu wa bonde letu, na kwake ndiko nilikojifunza kupanga mambo ya mbele. Nilikuacha ukaiweka katika bahasha. Nilikuona unalamba gundi, nikatazama ukutani.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa.

Ulikuwa hujang'oka jino la kwanza. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kijiji, tena mwenyekiti kweli kweli, si kama hawa wa sasa wanaoomba radhi kabla ya kufungua mdomo. Nikisema kesho hakuna kwenda shamba, jembe halikuguswa. Nyumba yangu ndiyo ilikuwa mfano kwa wote. Wewe ulikua ndani yake, unajua haikuwa na msumari hata mmoja. Kila mti ulifungwa kwa kamba, mlango kwa kamba, turubai kwa kamba. Nilijisifu kwa kila mgeni: nyumba hii naifungua asubuhi moja, saa nne jua linanikuta njiani kurudi Congo. Wengine wakaiga. Kijiji chote kikawa kijiji cha kamba, na kila mvua za Machi zilipokuja tulikuwa tunafunga upya, tukicheka, tukisema ni mara ya mwisho.

Shamba nalo hivyo hivyo. Nilikataza kitu chochote kinachokaa kupita msimu. Maharagwe na mahindi, basi. Hata muhogo niliutazama vibaya kwa sababu unataka mwaka. Mtu akipanda mgomba, nilipita kwake jioni na kumwuliza mbele ya watoto wake, "Weye, umeisha kusahau kwenu?" Anaona haya, kesho yake mgomba haupo. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa naogopa kitu ambacho sikuweza kukitaja, nikakiita kupenda nchi.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka ofisi ya Mbarara, Mama Kyomugisha. Mwanamke mfupi, viatu vya mpira, karatasi mkononi kubwa kama shuka. Kiswahili hakuwa nacho, sisi Kinyankole hatukuwa nacho, kwa hiyo alikuja na mkalimani kutoka kambi ya jeshi, Sajenti Mugume, na Kiswahili chake cha jeshi.

"Sikia, nyinyi watu ya Congo," Mugume akasema. "Mama huyu nasema ofisi nataka panga maendeleo ya miaka ishirini. Si ya mwezi, si ya msimu. Nauliza hivi: hapa mahali, watoto hawa wakikuwa na watoto yao, nyinyi nataka pakuwe namna gani?"

Sisi tulikuwa tumezoea kuulizwa mko wangapi, mnatoka wapi, nani amekufa. Namna hiyo hatukuwahi kuulizwa.

Kisha Mama Kyomugisha akauliza mvua ikinyesha maji yanakimbilia wapi. Hapo sikuweza kujizuia. Nimechimba mifereji ya mpunga bonde la Ruzizi tangu kijana, maji nayajua kuliko ninavyojua kusali. Nikachukua fimbo nikashuka nao bondeni. Nikawaonyesha: yanatoka kule kwenye jabali, yanapinda hapa, yanakusanyika hapa penye udongo mweusi, halafu yanatoroka kwa sababu hakuna anayeyashika. Nikachora mstari chini. Nikasema ukiziba hapa kwa udongo wa kichuguu, unakuwa na maji mpaka katikati ya kiangazi. Yule mama akachuchumaa na kuchora kile nilichochora.

"Huyu bwana ni injinia kabisa," Mugume akasema, na watu wakapiga makofi. Nilifurahi, siwezi kukuficha.

Mama Kyomugisha akasimama. Akasema basi tuchimbe hapo. Kila nyumba iachie hatua kumi za shamba upande wa chini, tupande miti ya kushika udongo na ya kuni. Maji yakikaa, shule itajengwa juu, kwa sababu shule bila maji hawaruhusu. Alisema kama mtu anayesimulia kitu alichokwisha kukiona. Na mimi nilikiona, Mwamini. Niliona bwawa, niliona miti, niliona shule yenye bati. Na kando ya vyote hivyo nikaona kaburi langu, katika udongo wa Uganda.

Nikapanda juu ya kile kichuguu nilichokuwa nakisifu dakika moja kabla.

"Mwambie mama," nikasema, "hapa sisi hatuna miaka makumi mbili. Tuko na miezi mitatu. Atupatie mbegu ya maharagwe na majembe. Ile miaka yake ingine apelekee benye inchi."

Makofi hayajawahi kuwa makali hivyo. Wamama walipiga vigelegele. Mugume alitafsiri akiwa ameinamisha kichwa.

Mama Kyomugisha hakukasirika. Akauliza tatizo ni nini. Nikasema kwanza, hatua kumi ni maharagwe ya watoto, mwaka huo watakula udongo? Kwa hilo hakuwa na jibu, nami nikaona kwamba hana, nikalishikilia. Halafu nikauliza, "Na muti nikipanda, nikarudi kwetu, utakuwa wa nani?"

Mugume akasikiliza, akatugeukia. "Nasema itakuwa ya huyo mwenye atakuja."

Nikacheka. Nikicheka mimi, kijiji kilicheka. Tulicheka sana siku ile.

Nyuma, upande wa wanawake, mkono mmoja ulikuwa umeinuliwa. Mugume akauona, akasema, "Huyu mama nataka sema." Ulikuwa mkono wa mama yako. Nikamwambia Mugume, "Huyo ni bibi yangu, miye nimeisha kusema kwa ajili yake." Watu wakacheka tena. Mama yako akashusha mkono, akakaza kitenge chake mgongoni, mahali ulipokuwa umelala wewe, ingawa ulikuwa mkubwa wa kutosha kutembea.

Kisha wakaandika. Mama Kyomugisha alinisomea kupitia Mugume: kijiji kimekataa mpango wa miaka ishirini, kimeomba mbegu na majembe, msemaji ni mwenyekiti. Wengine huweka dole gumba. Mimi niliandika jina langu lote, kwa herufi kubwa, polepole, ili lionekane. Hutapata taabu kulisoma.

Hiyo ndiyo karatasi.

Warundi, wakimbizi wenzetu wa ng'ambo ya bonde, walikuwa wamekuja kusikiliza. Walipoona sisi tumekataa, wakamwita yule mama upande wao. Fasi nzuri, pale penye udongo mweusi, ilikuwa kwetu, lakini wao walichimba pale palipobaki, kwa kufuata mstari niliouchora mimi. Mwaka wa kwanza tuliwatazama wanabeba udongo kwa karai, tukawacheka. Mwaka wa tatu maji yalikaa. Mwaka wa sita shule ilijengwa kwao. Wewe ulisoma hapo. Kila asubuhi ulivuka bonde kwenda kusomea katika kitu nilichokataa, na mama yako aliamka kabla ya jogoo kwenda kutafuta kuni kule kwenye mapori ya mbali, kwa sababu mlima wetu ulikuwa umebaki mifupa mitupu. Akienda kuomba maji ng'ambo alisimama mwisho wa mstari. Ni haki yao.

Ulikuwa na miaka kumi hivi siku tulipopita ule msitu wao, ukaniuliza, "Papa, nani alifikiriaka haya yote?"

Ningeweza kusema ni Mama Kyomugisha. Ningeweza kusema ni Warundi. Lakini ulikuwa umenishika kidole, na ulikuwa unatazama juu, kwenye matawi, kama mtu aliyeingia kanisani. Nikasema, "Ni miye."

Basi. Neno moja. Si uongo wote, nilijiambia, kwani mstari wa maji aliuchora nani? Lakini wewe ulilichukua ukaenda nalo shule. Siku moja ulirudi mkono wa gauni umechanika. Ulikuwa umepigana na msichana wa Kirundi aliyesema baba yake ndiye aliyechimba. Alisema kweli yule mtoto, na wewe ulimpiga.

Mama yako alishona ule mkono wa gauni hapo mlangoni. Hakuinua macho.

"Mutoto amepigana juu ya uongo yako, Papa Mwamini."

"Nitamuambia."

"Siku gani?"

"Akikomaa."

"Na weye utakomaa siku gani?"

Nilitoka nikaenda kukaza kamba za paa, ambazo hazikuwa zimelegea.

Mama yako sasa ana miaka minne ndani ya udongo huu niliouogopa. Nilimchimbia mwenyewe. Kila mtu alisema wewe ni mzee, waachie vijana, nikakataa, unanijua. Na tangu siku ile kuna kitu kinanisumbua kuliko ile karatasi yenyewe. Sijui alitaka kusema nini. Tuliishi pamoja baada ya mkutano ule miaka mingi, tulikula sahani moja, tuliugua malaria pamoja, na sikumwuliza hata siku moja, "Mama Mwamini, ile siku uliinua mukono, ulitaka kusema nini?" Mwanzo nilikuwa na hasira naye. Baadaye niliona haya. Baadaye tena nikasahau kwamba linaweza kuulizwa. Labda alitaka kusema tupande. Labda alitaka kuwaambia watu kuni zinaumiza mgongo. Labda alikuwa na jibu la yale maharagwe ya mwaka wa kwanza, maana hesabu ya chakula aliijua yeye, mimi nilijua kukila tu. Kama angesema pale, labda nisingekuwa na kitu cha kushikilia. Nakaa hapa nikiyapanga hayo maneno aliyoyameza, napanga tena, na hakuna wa kuniambia nimekosea.

Utafungua faili, jina langu utalikuta. Lake halimo.

Kuna jingine la aibu, nilimalize nalo. Juzi nilikuambia naenda Mbarara kwa daktari wa macho. Macho yangu yanaona mpaka Tanzania. Nilikwenda Ruti, pembezoni mwa mji huo, kumtafuta Mugume. Amestaafu, ana nyumba yake kando ya barabara ya Kabale, mbao zote za miti aliyoipanda kwa mshahara wake wa kwanza, na hakosi kukuambia.

Aliponiona hata hakusimama. "Mzee ya maharagwe! Wewe bado iko Uganda?"

"Bado."

"Kwenda kwenu ni lini sasa?"

"Nitaenda tu."

"Sawa. Hiyo kesho yako imezaa mpaka wajukuu."

Nikamwachia acheke, kwa sababu nilikuwa na haja. Nikamweleza yote. Nikamwambia, wewe watu wa ofisi ile wanakujua, ulikuwa mkalimani wao. Ingia, omba lile faili, nitolee karatasi moja tu. Nani atajua?

Kicheko kikamwisha Mugume usoni.

"Mzee, hiyo karatasi si yako."

"Ina jina langu."

"Jina ni yako. Karatasi ni ya hao watu wote wenye walipiga makofi, na ya hao wenye hawakupiga. Mimi nakumbuka bibi yako na ule mkono. Nakumbuka vizuri." Akamimina chai katika kikombe changu, akanisogezea. "Tena mtoto yako ndiye natumwa kusoma. Sasa wewe nataka asome kitabu mbovu, siku ya kwanza ya kazi?"

Nilikunywa ile chai. Nikapita mjini kwa miguu mpaka karibu na ofisi yenu, nikasimama ng'ambo ya barabara. Nikaona dirisha lenye makabati. Malori ya ndizi yalikuwa yanapita, na magari ya maziwa, na vijana wamevaa kofia za ujenzi, na ghorofa zinapanda pale ambapo zamani nilifika na gunia langu la maharagwe nikakuta majani tu. Watu wote wale wanafanya mambo yenye mwisho wa mbali. Mimi nimepanga misimu na misimu, kila mmoja kwa ustadi, hakuna anayepanga msimu kunipita, na ukiijumlisha yote haifiki hata mwaka mmoja wa Mama Kyomugisha. Nikageuka nikapanda gari la kurudi Rwekubo, huku kwetu.

Sasa wewe unakwenda kuwa Mama Kyomugisha. Mengi ya kazi hiyo siyajui, na ya ramani siyajui kabisa. Lakini ya kukataa nayajua kuliko shefu wako. Nisikilize hapo.

Mpango wa mbali unamwomba mtu aachie kitu leo. Kwetu ilikuwa zile hatua kumi. Ukienda kwa watu na miaka ishirini mkononi, nenda pia na jibu la mwaka wa kwanza, kwa sababu mtu mwenye mdomo kama wangu atalitafuta, akikuta halipo atapanda juu ya kichuguu. Na si kwamba anajali maharagwe. Anaogopa kitu kingine, na maharagwe ni mlango wake wa kutokea. Mwulize taratibu, mkiwa wawili, si mbele ya watu. Mimi mbele ya watu nisingesema naogopa kufia hapa hata kama mngenichoma moto. Peke yangu, labda ningesema. Hakuna aliyenijia peke yangu.

Halafu usiandike makofi. Makofi ni yangu, niliyavuta kama mtu anavyovuta maji kwa pampu. Angalia nani ameshusha mkono.

Na lile swali langu la mti utakuwa wa nani, ambalo jibu lake nililicheka, lilijijibu lenyewe. Baada ya miaka mingi vita vilirudi kwetu, malori yakaleta watu wapya. Nilikwenda kuwapokea, mimi ni nani nisiende. Katika lori la tatu alishuka mtoto wa dada yangu, na mke wake, na watoto wanne, wote vumbi. Wakapewa kiwanja chini ya mlima wetu. Akasimama, akatazama ule upara, akaniuliza, "Mjomba, kuni munatoaka wapi?" Yule mwenye atakuja alikuwa damu yangu. Nilimwonyesha kwa kidole, mbali, upande wa mapori. Sikuweza kumtazama.

Sijakuambia hata hilo. Unaona nilivyo na mengi ya kuficha kwa mtu anayesema sana.

Najua karatasi hii inaweza kukuharibia. Umejiandika kwao kuwa binti wa mtu aliyebuni, nao watakukuta binti wa mtu aliyekataa. Ningeweza kukuambia useme ni kijiji kingine, jina limefanana. Nimelifikiria hilo pia, usidhani sikulifikiria. Lakini kesho kutwa ukiingia, kabla hujafungua kabati, mwendee shefu wako umwambie: katika barua yangu nimeandika jambo nililoambiwa na baba yangu, na si kweli, na alijua si kweli. Sema hivyo hivyo, uniweke mimi mbele. Mgongo wangu bado una nguvu. Kama atakufukuza kwa ajili hiyo, rudi, na utakuwa na haki ya kunichukia ukiwa unakula chakula changu. Kama hatakufukuza, basi soma lile faili mpaka mwisho, na mengine ya vijiji vingine, na uwatafute wale ambao majina yao hayamo. Wengi wao bado wako hai. Waulize mapema.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche katika valizi lako la nguo, chini ya viatu, uikute ukiwa umekwisha kufika Nyamityobora na mimi niko mbali nawe. Ndiyo hila niliyokuwa nayo mpaka nilipoanza ukurasa huu. Ungeisoma katika chumba kigeni, peke yako, na mimi ningekuwa hapa peke yangu nikisubiri simu, na simu isipopigwa ningejiambia ni mtandao.

Ngoma imenyamaza. Sasa nasikia watu wanakusindikiza kwenye njia, wewe unacheka na mtu. Nitakupa barua hii mkononi. Utakaa kwenye kiti cha mama yako, utaisoma yote, na mimi nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kulia au kunitukana, fasi ipo. Ukitaka kutoka nje, sitakufuata. Wala sitajitetea, Mwamini. Utaona jambo ambalo tangu uzaliwe hujaliona: papa yako amekaa, na hasemi kitu.